Keki ya Pasaka ya Kiyahudi imezama katikati, na kastadi haikuguswa: nilikosea wapi?

“Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mwaka wa pili sasa napika kwenye nyumba ya familia ya Kiyahudi kaskazini mwa London. Pasaka yao iliyopita mama mwenye nyumba aliniomba nitengeneze kitu kitamu cha kumalizia mlo wa usiku wa kwanza. Alinipa paketi ya unga wa matzah, yaani ule mkate wao mkavu usiotiwa chachu uliosagwa, nikaoka keki ya mayai. Ilipanda ikapendeza, kuitoa tu ikazama katikati kama sahani ya supu. Saa zilikuwa zimekwenda, nikakimbilia duka la kona, nikapika kastadi ya maziwa na wanga wa mahindi. Bibi yao akaitazama, akasema ahsante, hakuigusa. Wala wengine hawakuigusa. Tena kila nikitaka kuoka, mama huja kuwasha oveni mwenyewe, kama vile siaminiki na moto. Mwaka huu ameniomba tena. Wanasema hawali kilichoumuka. Basi keki itapandaje bila hamira wala beking pauda? Na je, naweza kutumia nazi, maana hiyo ndiyo naijua? Nisaidie nisiaibike mara ya pili.”

Marahaba, dada. Umeniuliza habari za keki, lakini naona kinachokuuma ni ile kastadi, kwa hiyo nianze nayo. Bibi hakuukataa mkono wako. Kastadi ile hata angeipika yeye mwenyewe asingeweza kuila usiku ule.

Mlo wa usiku wa kwanza wa Pesach, yaani hiyo Pasaka yao, wanaouita Seder, mara nyingi huwa na nyama au kuku. Sheria ya kosher, yaani sheria ya Kiyahudi ya vyakula, haichanganyi nyama na maziwa, si kwenye sufuria tu bali hata kwenye mlo mmoja, na baada ya nyama mtu husubiri kabla hajagusa maziwa. Wengi husubiri saa sita. Familia zenye asili ya Ujerumani saa tatu. Za Uholanzi saa moja. Sasa piga hesabu: supu ya kuku saa tatu usiku, nyama saa nne, halafu kastadi ya maziwa. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuonja. Kitamu cha kufuata nyama lazima kiwe kile wanachokiita “pareve”, yaani kisicho nyama wala maziwa. Mayai ni pareve, matunda ni pareve, sukari, lozi, na nazi yako pia. Siagi siyo. Majarini inategemea, kwa sababu nyingine zina maji ya maziwa ndani, soma paketi.

La pili ni ule wanga wa mahindi. Kwa Pesach zinazokatazwa hasa ni nafaka tano: ngano, shayiri, rai, oti na speliti. Lakini Wayahudi wa Kiashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kwa desturi ya karne nyingi huacha pia mahindi, mchele, maharage, dengu na jamii zake. Vitu hivi huitwa “kitniyot”. Wasefardi wengi, wenye asili ya Hispania, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, wali wanakula bila wasiwasi. Na mwaka 2015 kamati ya sheria ya tapo moja la Kiyahudi huko Marekani, liitwalo Conservative, iliwaruhusu hata Waashkenazi wake kula kitniyot. Kwa hiyo usinukuu mtandao ukadhani umeijua nyumba yako. Muulize mama swali moja tu: “Hapa tunakula kitniyot?” Atafurahi kwamba unalijua neno.

Na kama mpaka leo hukumwambia ni sufuria gani uliyopikia kastadi ile, mwambie. Huenda ilikuwa ya nyama, maana sufuria za nyama na za maziwa hutengwa. Huo si uamuzi wako wala wangu. Atampigia rabi wao, rabi ataamua sufuria ifanyweje. Mambo haya hutokea kwenye nyumba zote. Mimi mwaka wangu wa kwanza katika jiko la kosher niliingia na mwiko wangu wa mti niliotoka nao nyumbani, naupenda kama nini. Msimamizi wa kidini wa jiko aliuona kabla haujagusa chungu, akautoa nje kwa vidole viwili kama aliyeshika mjusi. Tulicheka baadaye, si siku ile.

Kuhusu oveni, hapo pia umemwelewa mama vibaya, na simlaumu anayeelewa hivyo bila kuelezwa. Marabi wa kale waliweka sheria kwamba chakula fulani kikipikwa na asiye Myahudi peke yake, Myahudi hakili. Kwa desturi ya Kiashkenazi inatosha Myahudi awe na mkono katika moto: awashe jiko, basi, mengine yote upike wewe. Wasefardi wengi hukaza zaidi, hutaka Myahudi aweke chungu motoni mwenyewe. Anapokuja kuwasha, mama anafanya hivyo ili familia yake iweze kula ulichopika. Siku ukisahau ukawasha mwenyewe, ndipo kutakuwa na shida. Kwa hiyo usingoje aje, mwite.

Sasa tuje kwenye chachu. Wasomaji wetu waliokulia kanisani wanaijua “mikate isiyotiwa chachu” ya kitabu cha Kutoka, na hapo ndipo dhana inapozaliwa kwamba Pesach ni marufuku kitu chochote kupanda. Sivyo. Kinachokatazwa ni mojawapo ya zile nafaka tano kukutana na maji na kuachwa mpaka ianze kuchacha. Hiyo ndiyo “chametz”. Matzah yenyewe ni unga wa ngano na maji, haina kingine. Tofauti yake na mkate ni saa. Tangu maji yaguse unga mpaka matzah iive, zisipite dakika 18 unga ukiwa umekaa tu. Ikishaokwa, unga ule umeshakufa, hauwezi kuchacha tena, na ndiyo maana wanaweza kuisaga na kuitumia kuokea. Povu la mayai likiinua keki hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu hewa si chachu.

Hamira ya mkate ondoa kabisa akilini. Beking pauda ni habari nyingine. Magadi soda yaliyomo ndani yake ni madini, hayatoki kwenye nafaka. Tatizo la kopo la kawaida ni ule wanga unaochanganywa kuifanya pauda ibaki kavu, ambao mara nyingi ni wa mahindi. Maduka ya Kiyahudi huko unakokaa, kuanzia wiki chache kabla ya sikukuu, huuza beking pauda yenye wanga wa viazi na muhuri wa Pesach. Mtego huohuo uko kwenye sukari ya unga, ambayo mara nyingi ina wanga wa mahindi, na kwenye vanila ya maji, ambayo huweza kuwa na kileo cha nafaka. Kila cha paketi kitafute kwa muhuri wa Pesach, si wa kosher wa kawaida. Au fanya rahisi zaidi: mwandikie mama orodha, anunue mwenyewe.

Haya, keki. Kwa nini ilizama?

Unga wa ngano tuliouzoea ukikutana na maji na mikono hutengeneza nyuzi zinazovutika. Ndizo zinazokuruhusu kuisukuma chapati ikawa nyembamba bila kuchanika. Kwenye keki nyuzi hizo hushika hewa mpaka joto ligandishe kila kitu. Unga wa matzah hauna nyuzi hizo tena. Umeshapita motoni mara moja. Protini yake imegandishwa, wanga wake umeshaiva. Unachoweza kufanya ni kunywa maji tu, kama makombo ya mkate mkavu. Keki yako basi haikuwa imeshikwa na unga hata kidogo. Ilikuwa imeshikwa na mayai.

Ukipiga ute, protini zake zilizojikunja hufunguka na kushikana kuzunguka kila kipovu cha hewa. Sukari hufanya kuta zile ziwe nzito na zisikauke upesi. Mafuta huziharibu: tone moja la kiini ndani ya ute, au bakuli lenye utando wa mafuta, na utapiga mpaka mkono uchoke. Ndani ya oveni vipovu hutanuka, keki hupanda, na mwishoni yai huganda na kuwa mifupa. Lakini keki ikitoka, mifupa ile bado ni laini kama ya mtoto mchanga. Hewa ndani inapoa na kusinyaa, uzito wa keki unaikandamiza, na kama hakuna cha kuishikilia inazama katikati.

Keki yako sikuiona, lakini nashuku mambo matatu. Kwanza, unga. Kuna unga wa matzah wa chengachenga, ambao ni wa vidonge vya supu, na kuna uliosagwa laini kwa keki. Paketi zinafanana, na ule wa chenga ndio huwa karibu jikoni kwa sababu supu hupikwa kila siku. Chenga ni nzito, hutoboa povu. Pili, tini. Najua ulipaka mafuta, kwa sababu sote tumefundishwa hivyo. Keki ya povu hupanda kwa kukwea ukuta wa tini. Ukiupaka mafuta, au tini ikiwa ya aina isiyoshika, inateleza. Tatu, uliipoza ikiwa imekaa. Keki hii hupozwa kichwa chini.

Ukitaka kuijaribu tena, achana na matzah kabisa, tumia wanga wa viazi. Nasema wanga, si unga wa viazi. Wanga ni mweupe na hulia kama theluji ukiubana. Faida yake ya pili nitaisema baadaye kidogo. Vunja mayai manane, kila moja kwanza kwenye glasi uangalie damu, kwa maana yai lenye doa la damu hawalitumii. Mayai saba tenga ute na viini. La nane litie zima kwenye viini. Piga viini na gramu 225 za sukari mpaka vipauke na viwe vizito, tia ganda la limau lililoparwa na vijiko vitatu vikubwa vya maji yake. Chekecha humo gramu 120 za wanga wa viazi. Piga ute na chumvi kidogo. Ukianza kusimama mwagia polepole gramu 75 za sukari, uache ncha zikiwa bado zinainama. Ukipiga mpaka povu likauke kama pamba, umeshapitiliza, na hiyo nayo hufanya keki izame. Changanya kwa mwiko mpana, ukikunja kutoka chini kuja juu, bila haraka. Mimina kwenye tini ya sentimita 25 yenye bomba katikati, kavu, bila mafuta. Nyuzi 180, au 160 kama oveni ina feni, dakika 50 hadi 55, na mlango usifunguliwe kabla ya dakika 40. Ikitoka tu, igeuze na uitundike bomba lake kwenye shingo ya chupa. Saa moja na nusu, iache ining’inie.

Hiyo ndiyo keki. Lakini ukiniuliza kama ndiyo ningeioka usiku huo ningekuwa wewe, jibu langu ni hapana. Ni keki ya mtu aliyeizoea oveni yake, na kila mwaka inawashinda hata bibi zao wenyewe. Inataka kufanana na keki ya ngano na haiwezi. Mimi napenda vitamu ambavyo havikuwahi kutegemea unga.

Cha kwanza ni keki ya machungwa na lozi ya Wasefardi. Chemsha machungwa mawili mazima, na maganda yake, kwa muda wa saa mbili mpaka kidole kipenye. Yakipoa toa kokwa, yasage yote. Piga mayai sita na gramu 250 za sukari, tia machungwa, gramu 250 za lozi zilizosagwa, na kijiko kidogo cha ile beking pauda ya Pesach. Tini ya sentimita 23 au 24 iliyotandikwa karatasi, nyuzi 190 bila feni, saa moja hivi. Ikianza kuungua juu ifunike. Itazama kidogo, na hapo ni sawa, kwa kuwa keki hii ni fupi na yenye unyevu kwa asili yake, kama halua zaidi kuliko keki. Kesho yake ni tamu kuliko leo. Uliza kwanza kama kuna mgeni anayedhuriwa na lozi au karanga. Kama yupo, hii ifute kabisa. Usimkatie mwenzake ukadhani umemwepusha.

Cha pili ni nazi, na hapa wewe una kichwa kizima mbele yao. Waashkenazi wa Uingereza na Marekani wana vibiskuti vya nazi vya Pesach, makaruni, ambavyo ukivionja utasema ni kashata iliyosafiri. Ute wa mayai manne, gramu 130 za sukari, chumvi kidogo, gramu 250 za nazi iliyokaushwa. Koroga kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka mchanganyiko unate na kushikana, poza, finyanga vidonge, oka nyuzi 165 kwa dakika 15 hadi 20 mpaka kingo ziwe za dhahabu. Mwezi mzima ukivipika hutavikosea. Ukitumia nazi mbichi ya kukuna, itandaze kwanza kwenye trei na uikaushe kwa moto mdogo, ama sivyo itatoa maji na vidonge vitakaa kama uji uliomwagika. Mbuzi yako ya kukunia, dada, iache chumbani. Imeshakaa na unga na mikate mwaka mzima, haiingii jiko la Pesach. Nazi nzima ni salama, chombo ndicho chenye maswali.

Na kastadi yako? Inarudi, tena kwa heshima. Tui zito la nazi badala ya maziwa, viini vya mayai, sukari, iliki ya kuponda mwenyewe kama mama anaikubali, na wanga wa viazi badala ya wa mahindi. Wanga wa viazi una nguvu zaidi, kwa hiyo anza na theluthi mbili ya kiasi ulichozoea. Uchanganye na tui baridi kabla ya kupeleka motoni, koroga, na kipovu cha kwanza kikitokea epua. Ukiuchemsha sana na kuukoroga sana unalegea tena, na hapo hautarudi. Tui la kopo soma maandishi yake, kwa maana mengi hutiwa viunganishi ambavyo nyumba nyingine haziviruhusu. Ukikamua mwenyewe kwa vyombo vyao, umemaliza maneno.

Ile faida ya pili ya wanga wa viazi ni hii. Wako Wayahudi, hasa wa Kihasidi, tapo la washika dini sana, ambao kwa siku saba za mwanzo hawali matzah iliyolowa, wakihofia kwamba chembe ya unga mkavu iliyobaki ndani ikachacha. Huiita “gebrokts”. Kwa kuwa mama alikupa unga wa matzah kwa mkono wake, nyumba hiyo bila shaka inakula. Lakini wageni wa Seder je? Keki ya wanga, ya lozi au ya nazi inawaondolea wote swali hilo.

Kuna kitamu kimoja nakusihi usikijaribu: ile krimu ya chokoleti yenye mayai mabichi, ambayo vitabu vingi vya Pesach huipamba. Meza yenye bibi mkongwe, labda na mama mjamzito, si mahali pa mayai mabichi. Na kama bibi ana kisukari, msikilize yeye na daktari wake kuhusu kiasi, usimpunguzie sukari kwa kukisia.

Divai usiishike. Kama mapishi yana divai, mwombe mama amimine. Nayo ina sheria zake kuhusu nani anaigusa.

Sasa ratiba. Jua likizama sikukuu imeingia: hakuna kuwasha moto mpya, na watu wa nyumba hawatumii mashine ya umeme ya kupigia mayai. Kwa hiyo oka mchana, au siku moja kabla, jiko likishasafishwa kwa Pesach na si kabla ya hapo. Keki ya machungwa na makaruni vyote vinangoja bila kuharibika. Makaruni yafunike kwenye bati kavu, usiyatie kwenye friji. Kastadi ya tui ndiyo ikae kwenye friji.

Halafu kuna kitu ambacho huenda hukuelezwa mwaka jana. Mlo wa Seder hufungwa kwa kipande cha matzah kilichofichwa, afikoman, ambacho watoto hukitafuta. Kikishaliwa, hakuna chakula kingine usiku ule. Ukichelewesha kitamu chako mpaka watoto wamekipata na kimeliwa, kitarudi jikoni kizima, hata kiwe kitamu namna gani. Mwambie mama akupe ishara wanapomaliza nyama, upeleke sahani hapohapo.